Shaba na Asidi

Jumamosi, soko la Suva, kule Fiji, halipitiki. Vilisi alikuwa ameinamia daftari la kemia juu ya rundo la magimbi, ua jeupe sikioni, kijana mrefu aliyevaa sulu, vazi la kujifunga kiunoni, iliyopigwa pasi alipomchungulia begani.

"Dada, hayo magimbi yanauzwa au yanasomeshwa?"

Kijana alipojitaja kuwa ni Jolame na kutaja kisiwa chao, Vilisi akaangua kicheko. Visiwa vyao ni watani tangu enzi za mababu. Jolame angeweza kumsema hadi jioni, naye kununa ni mwiko.

Jolame alikuwa fundi wa maabara shuleni. Kila jioni alimpigia Vilisi simu kumfundisha kubashiri mazao ya mmenyuko, maana aliutaka unesi kufa na kupona.

"Shaba ukiitia kwenye asidi hidrokloriki?"

"Kloridi ya shaba na haidrojeni, mtani."

"Hakuna kitu. Haimenyuki. Andika hivyohivyo."

"Ebo! Niandike 'hakuna kitu' kwenye mtihani? Watani nyie!"

"Vili, sitanii."

"Mtani gani hukiri anatania?"

"Na nikisema nakupenda?"

"Huo ndio utani wenyewe!" Akacheka, akakata simu.

Kwenye mtihani akajaza kloridi ya shaba. Unesi akaukosa kwa alama mbili.

"Ungenikazania!" alimfokea Jolame kwenye simu, sauti imekauka kwa kilio.

"Nilikwambia kweli, Vili. Sijui nikwambieje tena."

Simu zikakoma. Wiki tatu Vilisi aliuza magimbi bila kuinua uso, na kilichomuuma zaidi ya mtihani ni yale maneno mengine aliyoyacheka.

Jumapili moja baada ya ibada, Jolame akaja nyumbani kwa kina Vilisi na mjomba wake. Wakaketi mkekani, vichwa chini, na mjomba akanyanyua tabua, lile jino la nyangumi la rangi ya chai, kamba yake ikining'inia. Mbele ya tabua hakuna utani, hata kwa watani wa damu. Mjomba akamwombea mpwa wake mke.

Baba akamgeukia binti yake. "Niipokee?"

Vilisi alimtazama Jolame. Kijana alikuwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Ipokee, baba. Ila mwakani narudia mtihani, na yeye ndiye atakayenifundisha. Akisema jambo, nitalisikia."

Baba akaipokea tabua kwa mikono miwili. Jolame, mtani mzima, akalia mbele za watu, na hakuna aliyemcheka.