Yuditha Ampeleka Mtoto Dukani

Nyumba ya Yordani na Rhoda iko Kwamndolwa, pembeni mwa mji wa Korogwe. Kila asubuhi nyumba hiyo huamka na kelele moja.

"Mama! Kiatu changu kimoja hakipo!"

"Kipo chini ya kitanda, Nicolaus. Palepale kilipo kila siku."

Nicolaus huinama, hukivuta kiatu, hupiga chafya kwa vumbi. Hapo mdogo wake Yuditha hucheka huku ameshika tumbo. Yuditha ana miaka mitano. Shule hajaanza. Kicheko chake ndicho kilichokuwa saa ya nyumba ile. Yordani akikisikia alijua muda wa kwenda kazini kwenye shamba la mkonge umefika.

Asubuhi moja Nicolaus alipiga chafya, na Yuditha hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, kidole mdomoni, akitazama kitanda cha mama yake. Kitandani, ndani ya chandarua, alilala mtoto mchanga. Jina lake Simeo.

"Yudi, kunywa uji," Rhoda alimwambia.

"Sitaki."

"Jana hukunywa, leo hutaki. Una nini wewe?"

Yuditha alirudisha kidole mdomoni. Rhoda alikuwa amechoka. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha. Na kabla ya mapambazuko Rhoda aligundua kwamba Yuditha amekojoa kitandani tena, wakati jambo hilo alikuwa ameliacha zamani. Rhoda alimchapa viboko viwili miguuni, akamtoa nje na shuka lake. Sasa moyo ulimuuma kidogo, lakini nepi zilikuwa zinamsubiri kwenye beseni.

Mambo yalianza hivi. Mimba ilipokuwa kubwa, Yordani alimpeleka Yuditha Handeni kwa bibi yake, mama yake Rhoda, anayeitwa Bibi Edna. Walimwambia anakwenda kucheza na mbuzi. Hakuna aliyemwambia habari ya mtoto. Yuditha alicheza na mbuzi, akala mahindi ya kuchoma, akarudi na basi siku mama yake alipokwisha kujifungua. Aliporudi, sehemu yake ya kitandani, upande wa ukutani, ilikuwa na mtu.

"Ametoka wapi huyu?" aliuliza.

Rhoda aliona haya. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliuliza swali hilohilo, na mama yake alimpa jibu moja tu. Akampa binti yake jibu lile lile.

"Tumemnunua hospitali. Mzuri, eh?"

Yuditha alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakusema ni mzuri wala si mzuri.

Kisha wakaja wageni. Wanajumuiya wenzake Rhoda wa kanisani walikuja na sabuni, sukari na khanga. Walisali, wakaimba, wakampakata mtoto kwa zamu. Wakati wa kutoka walimkuta Yuditha mlangoni.

"Haya, Yudi, umepinduliwa!" alisema mmoja.

"Kiti chako kimekaliwa, bibie. Mama si wako tena, katafute mwingine!"

Wote wakacheka. Rhoda naye akacheka. Ndivyo watu wanavyomtania mtoto aliyepata mdogo wake. Hakuna aliyetazama uso wa Yuditha.

Asubuhi ile ya uji, Rhoda alimaliza kufua nepi nyuma ya nyumba. Akazianika kwenye kamba, moja moja. Alipoingia ndani kumtazama mtoto, chandarua kilikuwa kimefunuliwa. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Yuditha!"

Kimya. Alitazama chini ya kitanda. Alitazama jikoni. Akatoka nje mbio.

"Jamani, mtoto wangu! Mtoto wangu hayupo!"

Jirani yake Mwatumu alitoka mbio, mkono ukiwa bado na unga. Mwatumu ni mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba, kuwaona wajawazito na watoto wachanga.

"Nani alikuwa naye?"

"Nilimwacha amelala. Yuditha alikuwa hapa mlangoni. Dada Mwatumu, nitamwambia nini Yordani?"

Simu ikalia. Alikuwa Bi Tahira, mwenye duka ng'ambo ya barabara kubwa. Familia yake ina duka hilo tangu enzi za babu yake.

"Mama Nico, njoo dukani," alisema. "Usikimbie ukaanguka. Wako kwangu, wote wawili. Ni wazima."

Lakini Rhoda alikimbia, na Mwatumu nyuma yake. Barabarani bodaboda zilikuwa zinapita, na lori la mkonge lilikuwa linakuja kwa kasi. Rhoda alisimama kulisubiri lipite. Hapo ndipo alipoelewa: mtoto wake wa miaka mitano amevuka hapa, na mtoto mchanga mikononi.

Dukani, Bi Tahira alikuwa amemweka Simeo begani, anampapasa mgongo. Yuditha alikaa juu ya kreti la soda, miguu mitupu inaning'inia. Khanga aliyomfungia mtoto ilikuwa imeburuzwa mavumbini.

"Amenisalimia vizuri kabisa," Bi Tahira alisema. "'Shikamoo, Bi Tahira.' Kisha akamweka mtoto juu ya kaunta, pembeni ya mzani. Akaniambia, 'Huyu ni mbovu. Analia usiku. Mama anaomba umbadilishie.'"

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuja kununua vocha, alicheka. "Muulize kama ana waranti!"

"Wewe Iddy, chukua vocha yako uondoke," alisema Bi Tahira.

Rhoda hakucheka. Mwezi uliopita aliileta hapa chupa ya chai iliyokuwa haitunzi moto. Yuditha ndiye aliyeibeba. Bi Tahira aliibadilisha, akasema kitu kikiwa kibovu kirudishwe, watu wasikae nacho. Yuditha alisikia kila neno.

Hofu ikageuka hasira. Rhoda aliinua mkono. "Unataka kuua mtoto wangu?"

Mwatumu akaudaka mkono ule hewani.

"Mpige, halafu?" alisema kwa sauti ya chini. "Atajua kwamba mdogo wake amemletea na fimbo. Kesho atamwonaje?"

Mwatumu akachuchumaa mbele ya kreti.

"Yudi, mwanangu. Kwa nini hukumpeleka hospitali, kama alinunuliwa huko?"

"Hospitali ni mbali," alisema Yuditha.

"Na Bi Tahira angekubali, ungepewa nini badala yake?"

Yuditha alitoa kidole mdomoni.

"Mama," alisema. "Ningelala upande wa ukutani."

Rhoda alimpokea Simeo, akakaa kwenye gunia la mchele, akalia. Bi Tahira alimpa maji. Yuditha alipomwona mama yake analia, na yeye akalia. Rhoda akamvuta kwa mkono wa pili, akambana.

Waliporudi nyumbani, Mwatumu alimkagua mtoto. Alimgusa kichwa, akamkunjua mikono na miguu, akamtazama anavyonyonya.

"Hajaumia," alisema. "Lakini shingo ya mtoto huyu bado haina nguvu. Angeponyoka mara moja tu, tungekuwa tunasema mengine. Mama Nico, usimwache tena mtoto mchanga peke yake na mtoto mdogo. Ukienda kufua, mchukue Yuditha mkafue wote, au niite."

"Dada, huyu mtoto ana roho mbaya?"

"Hana roho mbaya. Ana huzuni. Mlimpeleka Handeni bila kumwambia kitu. Amerudi, nafasi yake imechukuliwa. Kila mgeni anamwambia mama si wake tena. Wewe ungeamini au usingeamini?"

Rhoda alimlaza Simeo, akashusha chandarua.

"Anakojoa kitandani," alisema baadaye. "Ananyonya kidole kama mchanga."

"Watoto wengi hufanya hivyo wakipata mdogo wao. Anaona mchanga ndiye anayebebwa, basi na yeye anarudia uchanga. Ukimchapa, inazidi. Badilisha shuka, nyamaza, itaisha. Ikiendelea sana, au akiacha kabisa kula, twende naye zahanati."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kwanza mwambie ukweli. Mtoto hanunuliwi. Pili, mpe kazi, lakini iwe ndogo, ya kumpa heshima. Tatu..." Mwatumu alicheka. "Tatu, hili ndilo gumu kwenu. Kila siku mpe muda wake peke yake na wewe, hata kidogo. Mtoto akilala, usikimbilie vyombo. Vyombo havilii."

Yordani aliporudi kutoka kazini na kusikia habari, kwanza alicheka. "Kumbe tuna mfanyabiashara!" Kisha Rhoda akamweleza habari ya lori. Yordani aliketi. Hakula mpaka chakula kikapoa.

"Tumekosea sisi," alisema. "Si yeye."

Jioni ile ile Rhoda alifungua sanduku la bati. Chini kabisa, chini ya vitenge, alitoa mshumaa ulioungua kidogo tu juu, na kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Yudi, njoo. Unajua hivi ni vya nani?"

"Vya Simeo."

"Ni vyako. Ulivaa hiki siku uliyobatizwa. Na huu baba yako aliushika kanisani, ukiwa unawaka. Yudi, nilikudanganya. Simeo hakununuliwa. Alikuwa hapa." Rhoda aliweka mkono wa binti yake tumboni. "Mungu alimweka hapa. Na wewe ulikaa hapahapa kabla yake. Hata Nico."

Yuditha alitazama tumbo, akamtazama Nicolaus.

"Nico naye alienea?"

"Alienea, ila alinipiga mateke sana!"

Nicolaus akaficha uso kwenye daftari.

"Na mimi nililia usiku?" Yuditha aliuliza.

"Ulilia kumzidi huyu. Baba alikuwa anakubeba, anazunguka na wewe uani."

"Nilikuwa mbovu?"

"Hukuwa mbovu. Ulikuwa mdogo. Hata Simeo ni mdogo tu."

Tangu hapo Yuditha akapewa kazi. Yeye ndiye mletaji wa nepi safi. Alijifunza kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Alijifunza kumpakata akiwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, mkono chini ya shingo ya mtoto, na mama yake pembeni. Kabla ya kwenda kazini Yordani alimchukua Simeo, na Rhoda akamsuka Yuditha. Nywele fupi zile zilisukwa na kufumuliwa mpaka Nicolaus akauliza kama zitabaki.

Wageni nao waliambiwa. Mwanajumuiya mmoja alipofika mlangoni na kuanza, "Haya, Yudi, umepindu..." Rhoda alimkata. "Dada, msalimie dada mkubwa kwanza. Atakuonyesha mdogo wake." Mwanamke yule aliona aibu kidogo. Kisha akampa Yuditha mkono, na Yuditha akamwongoza ndani kama mwenye nyumba.

Si kwamba mambo yalinyooka kwa siku moja. Shuka lililowa tena. Rhoda alilibadilisha, hakusema neno. Siku nyingine Yuditha alitangaza, "Leo simpendi." Rhoda alitaka kumkaripia, akakumbuka maneno ya Mwatumu, akasema, "Sawa. Njoo basi unisaidie kuchambua mboga." Walipomaliza mboga Yuditha alikwenda mwenyewe kuchungulia chandarua.

Siku ya ubatizo ilipokaribia, Bibi Edna alikuja kutoka Handeni na kuku wawili na utani wake.

"Shikamoo, bibi," alisema Yuditha.

"Marahaba, mke mwenzangu! Nasikia siku hizi wewe huna mama?"

"Mama," Rhoda alisema kwa upole, "utani huo tumeuacha hapa nyumbani. Ulimuumiza mtoto."

Bibi Edna alishika kiuno. "Ee! Mbona sisi tulikua nao?" Alivua kilemba, akakikunja polepole. "Ni kweli tulikua nao. Mimi nilikuwa na wadogo watano, na kila alipozaliwa mmoja nilijificha ghalani. Hakuna aliyekuja kunitafuta." Akamvuta Yuditha magotini. "Njoo, mjukuu wangu. Nilisema uongo. Mama unaye."

Kanisani, katekista aliwapanga mbele. Nicolaus alibeba mshumaa. Yuditha alibeba kitambaa cheupe, kipya, amekikumbatia kwa mikono yote miwili. Msimamizi wa ubatizo alimshika Simeo. Mwatumu hakuingia, kwa kuwa yeye ni Mwislamu. Alibaki nyumbani akisimamia masufuria ya pilau, na alisema hakuna atakayemwondoa jikoni.

Padri alimmwagia Simeo maji kichwani. Simeo akapiga yowe lililosikika mpaka milango ya nyuma. Watu wakatabasamu. Yuditha hakutabasamu. Alimsogelea, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akamnong'oneza, lakini kanisa zima lilisikia.

"Usilie, Simeo. Hata mimi nilimwagiwa."

Padri akasubiri. Kisha msimamizi akainama kidogo ili Yuditha aweze kumfikia Simeo, na Yuditha akamwekea mdogo wake kitambaa cheupe kifuani.

Wiki iliyofuata Rhoda alikwenda dukani na Yuditha, wameshikana mikono kuvuka barabara. Yuditha ndiye aliyesema kwenye kaunta.

"Shikamoo, Bi Tahira. Tunataka sabuni ya kufulia nepi."

"Marahaba, Yudi. Na ule mzigo wako mbona leo hukuja nao?" Bi Tahira alimkonyeza Rhoda. "Nina chupa mpya za chai. Nikubadilishie?"

Yuditha alifikiri. Alizitazama chupa zile nzuri, zenye maua mekundu, zilizopangwa rafuni.

"Yule si wa dukani," alisema. "Ni wa tumboni kwa mama. Na sasa halii sana."

Akachukua sabuni, akampa mama yake mkono, wakasubiri lori lipite.

Kesho yake asubuhi Nicolaus alitafuta kiatu, akainama, akapiga chafya. Yordani, aliyekuwa amembeba Simeo uani, alisikia kicheko cha binti yake. Akamkabidhi Rhoda mtoto, akachukua panga lake la mkonge. Saa ya kwenda kazini ilikuwa imefika.