Sahani Moja na Kipketer

— Kula basi, watu wanatuangalia, Nakhungu alinong'ona.

Kipketer alilishika tonge la ugali lakini mkono haukupanda.

Ilikuwa Jumapili ya mvua, mwaka 2009, katika kanisa moja la Tuwan, Kitale. Tangu vita vya uchaguzi, waumini walikuwa wakikaa kila kabila na benchi lake, wakiimba upendo huku wamepeana mgongo. Mchungaji Hiram akachoka nao. Aliwafundisha kuhusu haki na ubaya wa ukabila kwa miezi, na siku hiyo akafunga somo kwa vitendo: kila mtu ale sahani moja na mtu wa kabila lingine. Nakhungu alichekelea. Yeye Mbukusu, mchumba wake Kipketer Msabaot. Mtihani huo walishaupita zamani, au ndivyo alivyodhani.

— Nimeshiba, Kipketer alisema.

— Umeshiba na hujala tangu asubuhi?

— Tumbo inanisumbua, bana.

Akalirudisha tonge sahanini. Meza ya pili, Phelista, mama yake Nakhungu, aliacha kutafuna.

— Nakhungu, huyu kijana amewahi kula na wewe?

— Mama, si tunakula kila...

Hakumaliza. Alikumbuka hotelini, yeye na chipsi zake, Kipketer na soda. Alikumbuka Krismasi, sahani ya mgeni ikirudi jikoni vile ilivyotoka. Mwaka mzima wa mapenzi, na hajawahi kumwona huyu mtu akitafuna.

Kwa Wabukusu na kwa Wasabaot, jambo hili halihitaji kufundishwa. Aliyeshiriki kumwaga damu hali sahani moja na waliofiwa mpaka wazee wamtakase. Akithubutu, chakula kitamuua.

Na nyumba ya Phelista ilikuwa na msiba. Kizito, kaka yake Nakhungu, alitoka wakati wa vita vya uchaguzi na hakurudi. Mwili haukupatikana, kwa hivyo walizika shina la mgomba badala yake kule Malakisi, kama desturi inavyotaka.

— Mgomba umechipuka juu ya kaburi, Phelista alisema, macho kwa Kipketer. Nimekata mara mbili. Unarudi tu, kama mtu anayedai haki yake.

Kipketer akainuka, akatoka. Punde simu ya Nakhungu ikatetemeka.

"Nisamehe. Mimi sikumpiga. Nilishika tochi tu."

Nakhungu alimkuta nje, mvua ikimlowesha na hana habari.

— Ulijua ni ndugu yangu?

— Nilijua wiki ile ya kwanza, siku ulinionyesha picha yake. Nilikuwa nishakupenda.

— Ukanyamaza.

— Ningesema ungeniacha.

— Kwa hivyo uliogopa sahani yangu, lakini kutaka kunioa hukuogopa.

Nakhungu alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

— Kizito ako wapi?

— Kachibora. Kwa shamba la mahindi, karibu na mto.

— Ingia ndani useme.

— Watanishika, Nakhungu.

— Ndiyo, watakushika.

Kipketer aliingia. Alisimama baina ya meza, akasema yote kwa sauti ndogo. Alipofika mwisho, Jepchumba, mama mzee wa benchi la Wasabaot, akapiga meza.

— Hujamaliza. Taja na wale wengine. Sisi tumewafichia ya kutosha.

Akawataja. Wawili walikuwa humo humo ndani, na mikono yao ilikuwa haijagusa chakula.

Mchungaji Hiram akafumba macho aombe. Phelista akamzuia.

— Pasta, ngoja. Kwanza polisi waje, mtoto wangu atolewe huko. Mambo ya kusameheana tutaongea nikishamzika.

Walipokuwa wakisubiri, Kipketer alimsogelea Nakhungu.

— Na sisi?

Nakhungu alivua pete, akamwekea kiganjani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

— Siku wazee watakutakasa, kuja nyumbani ule na mama yangu. Mimi sitakuwa kwa hiyo meza.