Alama Nyekundu kwenye Spika ya Mama

Kila siku baada ya masomo, Kavata alipitia kibanda cha baba yake sokoni Mukuyuni. Alivua sweta ya shule, akafagia vipande vya waya, kisha akaketi kwenye kreti ya soda kumsaidia kazi. Baba yake, Nzioka, alikuwa fundi wa redio. Zamani hakuna mteja aliyeondoka pale bila kuchekeshwa. Tangu Mbinya, mama yake Kavata, afariki dunia, Nzioka aliwajibu watu kwa kutikisa kichwa tu.

Alhamisi hiyo, mezani palikuwa na spika ya Mbinya mwenyewe, sanduku la mbao la zamani, kubwa na zito ajabu. Ndiyo aliyoitumia kusikiliza kaseti ya kwaya yao ya kanisa, ambayo yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wake. Jumamosi ungetimia mwaka mmoja tangu azikwe. Ndugu na wanakwaya wangekuja nyumbani, na Nzioka alitaka wamsikie Mbinya akiimba. Lakini spika ilikuwa inakwaruza, na sauti nyembamba zilikuja na kupotea.

"Ugonjwa uko hapa," Nzioka akasema, akitoa bati dogo kutoka ndani ya spika. Lilikuwa na kifaa cha kuzungusha ambacho mafundi hukiita volyumu. Hicho ndicho huamua sauti nyembamba zitoke kwa kiasi gani. Ndani yake kijiulimi cha chuma hutembea juu ya waya, na waya ule ulikuwa umeota kutu ya kijani. "Safisha na spiriti na pamba. Polepole. Zungusha huku na huku hata mara hamsini. Na hii alama usiiguse."

Alama yenyewe ilikuwa tone la rangi nyekundu ya kucha. Mbinya aliipaka kwenye bati kwa mkono wake, mahali pa kuielekeza volyumu ili sauti iwe vile alivyoipenda.

Nzioka akatoka kwenda kununua vipuri. Spiriti ilikuwa inasafisha kwa kujivuta, na Hani, rafiki wa Kavata wa darasani, alikuwa nje anamwita wakaruke kamba. Kavata akachukua thina, ile dawa kali ya kuondolea rangi. Kutu ikatoka mara moja. Kisha akaligeuza bati. Thina ilikuwa imechuruzika, na alama ya mama ilikuwa imebaki wekundu kidogo tu kwenye pamba.

Angeweza kumngoja baba yake amwambie. Hakungoja. Alikimbia nyumbani, akatoa kichupa cha mama kabatini, akakwangua rangi ya mwisho iliyobaki, akarudi na kuipaka pale alipodhani ndipo.

Kesho yake jioni Nzioka aliirudisha volyumu, akaielekeza kwenye alama, akaweka kaseti. Mikwaruzo ilikuwa imekwisha. Mbinya akaimba, lakini sauti ilikuwa kali, ya kuumiza masikio. Nzioka akairudisha kaseti mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akazima.

"Spika imepona, na alama iko," akasema. "Basi ni mimi."

"Wewe umefanya nini, Baba?"

"Nimesahau sauti yake, Kavata. Mwaka mmoja tu, na namsikia kama mtu mwingine." Akajifuta macho. "Kesho wanakwaya waimbe wenyewe. Mimi siweki kaseti."

Kavata hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia, hata kaburini.

"Baba, si wewe. Ni mimi. Nilitumia thina, alama ikafutika. Hiyo nimeipaka mimi, kwa kubahatisha tu."

Nzioka akamgeukia. Kavata akajikunyata, akingoja kuchapwa.

"Kwa hivyo sijamsahau?"

"Hujamsahau, Baba."

Nzioka akashusha pumzi, akakifuta kile kitone cha uongo. "Haya, njoo tumtafute. Funga macho. Ukimsikia, sema."

Kaseti ikaanza. Nzioka akazungusha volyumu taratibu, na ule ukali ukapungua. Wakapapita mahali penyewe, wakarudi, wakapapita tena.

"Hapo!" Kavata akasema huku machozi yakimtiririka. "Huyo ndiye mwaitu." Hakuwa amemwita mama yake kwa Kikamba tangu siku ya mazishi.

Walisikiliza wimbo wote hadi mwisho.

"Labda si pale pale alipopaka yeye," Nzioka akasema mwishowe. "Hilo hatutalijua tena, na linaniuma. Alama kufutika ni bahati mbaya, ningekasirika kidogo yakaisha. Lakini ulipoficha, ulinifanya nisiamini masikio yangu, nikakaribia kumpoteza mama yako mara ya pili. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lete ile rangi tuweke alama."

"Imekwisha. Niliimaliza yote."

Nzioka akatoa penseli aliyoichomeka nyuma ya sikio, akachora mstari mwembamba.

"Penseli itafutika, Baba," Kavata akanong'ona.

"Ikifutika, utaniambia."