Nusu Sindano ya Bulonza

"Bidon nzima! Umekunywa bidon nzima na—"

"Si mie! Ni weye uliosha miguu na—"

"Miguu gani? Nimepanda na hayo maji toka robinet ya chini, masasi inalia!"

Murhula, wa miaka kumi na sita, aliyepandisha dumu hilo la maji kutoka bombani huku risasi zikilia, alikuwa amechoka. Mdogo wake Bulonza, wa miaka kumi na miwili, alichoka zaidi. Alikaa kizingitini, amekonda, midomo imekauka. Ilikuwa mwaka 1998. Vita vilifunga barabara, mama yao akabaki mbali, Kalehe, na mtaa wao wote wa Kadutu ulichoka.

"Sindano yako ya ugonjwa ya sukari umejichoma?"

"Nimejichoma."

"Yote?"

Bulonza akageuza uso, akaomba maji tena. Murhula akambeba mgongoni mpaka kituo cha afya, kwa papa Firmin, muuguzi.

Papa Firmin alipima mkojo, akakuta sukari nyingi, akakunja uso. "Binti, sema kweli. Bongo, huo uongo, haiponyeshake mutu."

Machozi yakamtoka Bulonza. "Papa, najichomaka nusu. Kwetu tunakata kila kitu nusu: sabuni, fufu, mushumaa. Nilitaka dawa ifike mpaka njia ifunguke."

Papa Firmin hakumgombeza. Alimchoma dozi nzima, akampa maji, akakaa.

"Vita hii, mutu akifika kwenu, munafungula tu?"

"Hapana. Anagonga mara tatu. Mie nalalaka karibu na mulango. Nasikia, nagusa yaya wangu Murhula, yaya anatosha kizuizi, anafungula."

"Seli za mwili njo vile. Insulini, hii dawa ya sindano yako, inagonga. Ku ukuta ya seli kuko kipokezi. Upande ya inje kinashika insulini, upande ya ndani kinashtuka, kinapitisha habari, na mulango ya sukari inafunguka. Insulini ikipunguka, milango mingi inabakia imefungwa. Sukari inazunguka mu damu, na weye unakufa njala, chakula iko ku mulango."

Kufikia alasiri macho ya Bulonza yalianza kuchangamka. Papa Firmin akafungua friji ya mafuta ya taa, akatoa chupa ya dawa iliyobaki kati ya zile masista wa kanisa walizoleta, akampa Bulonza.

"Dawa haikatwake kama sabuni," akasema. "Ikikaribia kuisha, museme mapema, nitafute. Mukificha, nitatafuta nini? Kusema kweli kunaokoa mutu."

Murhula akakunja mkono wa shati.

"Papa Firmin, tafazali, munichome na mie. Sindano mupya, bila dawa. Nataka nijue mudogo wangu anavumiliaka nini kila asubui."