Nilisusia Msiba wa Ndugu Yangu kwa Sababu ya Kura

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, naishi kijiji kimoja karibu na Chake Chake. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha skuli, nikasuka mikeka na kuchuma karafuu za watu mpaka wadogo zangu watatu wakakua. Hamadi, anayenifuata, alisoma kwa jasho langu. Nilimpenda kama mwanangu!

Uchaguzi uliopita alikuwa wakala wa chama chetu kituoni. Jimbo letu ni dogo, tulidhani kila kura tunaijua ni ya nani... Matokeo yakabandikwa mlangoni mwa skuli. Mgombea wetu wa ubunge kashindwa kwa kura chache, na kituo chetu ndicho kilichomwangusha! Chini ya karatasi ile, saini ya ndugu yangu.

"Bi Salma, mdogo wako katuuza kwa bei gani?" aliniuliza jirani yangu, Bi Time, mbele ya watu kisimani. Wakacheka. Fedheha iliyoje!

Hamadi alikuja kunieleza kuwa kura zilihesabiwa mara mbili mbele ya macho yake, hazikuibiwa.

"Dada, ulitaka nikatae kusaini jambo la kweli?"

Nilimfungia mlango.

Kwetu ukisusiwa husalimiwi, dukani kwako hapaingii mtu, na ukifiwa hawaji. Nami dada yake nikamsusia!

Haukupita muda, binti yake mchanga akafa kwa homa. Mkewe alituma nikaitwe nikamwoshe mtoto, maana mama hatuna. Nilikwishajitanda kanga... nikamwona Bi Time na wenzake barazani wananitazama. Nikarudi ndani, nikakaa. Mtoto yule alizikwa na baba yake na wanaume wengine wanne tu.

Hamadi akahamia bara na mkewe. Baadaye Bi Time akaniambia, bila hata haya, kwamba yeye na wanawe walimpigia kura yule mwengine! Nilie wapi?

Nikimpigia simu Hamadi hupokea, huitikia salamu kwa adabu, kisha hunyamaza mpaka nikate mwenyewe.

Ndugu zangu, pigeni kura mtakavyo, lakini mkiitwa msibani, nendeni! Wakikutazameni, nendeni! Mimi nimekwenda makaburini mara tatu, kaburi la yule mtoto silijui. Wanaolijua wamebaki wanne kijijini, nami sina uso wa kuwauliza.