Sauti Nene ya Kidevu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi kwenye chumba cha shangazi yake. Shangazi alikuwa mtafiti wa sauti za mbwa, na alitaka kujua kama mbwa mzee anaweza kujifunza mlio mpya. Basi Chiriku alipuliza bomba la plastiki lenye mvumo mnene mara kumi mbele ya Kidevu, mbwa wa nyumbani. Kinasa sauti kikiwa kimewashwa, aliandika daftarini kila alichosikia: kubweka, kulia, hata kupiga chafya.

Miezi mitatu ikakatika bila jipya.

"Mwalimu wa mbwa, mwanafunzi wako kafeli tena?" kaka yake alimchokoza.

"Nyamaza wewe! Utaona."

Wiki iliyofuata Kidevu alianza kukohoa. Chiriku aliona kikohozi kinamharibia kazi, hivyo akakiacha kipite kwanza ndipo awashe kinasa sauti. Siku ya nne, bomba lilipovuma, Kidevu alijibu kwa sauti nene ya kukwaruza. Chiriku akaandika, "Ameiga bomba."

Shangazi alisikiliza, machozi yakamlengalenga. "Mungu mkubwa! Ijumaa wenzangu wa kazini waje wasikie."

Kidevu akaacha kula. Chiriku akawa anamwaga chakula cha mbwa kimyakimya. Alhamisi alimkuta amelala ubavu, ute unamtoka, shingo imevimba.

"Ameanza lini?" shangazi aliuliza, akipekua daftari. "Mbona humu hamna kitu?"

Chiriku, msemaji kuliko wote nyumbani, akaangua kilio. "Alikuwa anakohoa, shangazi. Sikuandika. Niliogopa kukuvunja moyo."

Daktari wa mifugo alimpapasa mbwa kooni, akatikisa kichwa. "Kuna jipu. Mngemleta wiki iliyopita, dawa ingetosha. Sasa lazima nimpasue. Anaweza kupona, lakini sauti sina hakika."

Kidevu alipona. Siku aliyorudi alimwona Chiriku, akatikisa mkia, akapanua mdomo kubweka. Pumzi tu ndiyo iliyotoka.

Chiriku akajifunika uso. Shangazi alikuwa ameshawapigia wenzake simu kuwaambia kwamba sauti ile nene ilikuwa ya ugonjwa, hakuna mlio wowote uliojifunzwa. Alimketisha karibu yake.

"Kuvunjika moyo ningepona, mwanangu. Huyu hawezi kujisemea. Wewe ndiye uliyemsikia akiumwa, nami nilikutegemea wewe. Siku nyingine niambie ukweli mapema, hata kama ni mchungu, maana ukichelewa kuna kitu hakirudi."

Kidevu akaja akalala miguuni pao, kimya.