Maji ya Upande wa Kushoto

Ferista alikwenda bafuni kuchukua beseni. Hilo tu. Jua lilikuwa linazamia upande wa Zambia, malori ya kuvuka mpaka yamepanga foleni hadi huko Mpemba, na yeye ana maharage ya kuloweka kwa ajili ya kesho. Bafu lao lilikuwa uani, matofali ya kuchoma na mlango wa bati. Zilipobaki hatua tatu akasikia sauti.

Fyoo... fyoo... chubwi.

Kisha harufu. Haikuwa ya sabuni, wala ya choo. Ilikuwa karafuu maiti. Ukishaivuta msibani mara moja, harufu ile huwezi kuifananisha na kitu kingine mpaka unaingia kaburini.

Akavuta bati.

Enoka, mumewe kwa miaka ishirini na saba, alikuwa amesimama suruali imemwangukia kwenye vifundo, anabinya kijipira kama kile cha kupimia presha. Kijipira kimeungwa na mrija, mrija umeungwa na bomba la plastiki linaloonyesha ndani, na ndani ya bomba... basi, sisi sote watu wazima. Bomba lilijaa maji. Rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, yana vipande vya majani. Na unywele mmoja mrefu, mwekundu wa hina, ulikuwa unazunguka humo taratibu.

Enoka hakuwa na ndevu. Hina hakuwahi kuipaka tangu azaliwe.

"Baba Luka," Ferista alisema kwa sauti ya chini, "hayo ni maji gani?"

"Funga mlango," Enoka akanong'ona. "Upepo utaingia."

Tuseme ukweli: hakuna aliyekuwa amemlalamikia. Mwanaume wa miaka hamsini na mitatu, dalali wa mahindi, mzee wa kanisa, mtoto wao Luka ameshaoa na anaishi Mbeya. Ferista mwenyewe damu ya mwezi ilishakata, huu mwaka wa pili, na alikuwa anamshukuru Mungu kwa kupumzika. Aliyemtia Enoka wazimu ni Osward, dalali mwenzake. Wanaume wale mahindi yakiadimika hukaa kijiweni tangu asubuhi wakipimana kwa maneno, na Osward alikuwa akijisifu kwamba kuna mashine ya Nakonde imemrudisha ujanani. Enoka naye akavuka mpaka, akainunua kwa mama mmoja wa sokoni, akaificha kwenye gunia la pumba.

Mwanzo aliivuta kwa upepo, kama ilivyotengenezwa. Ikamtoa malengelenge ya damu. Akairudisha kwa muuzaji, amenuna. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini, halafu akamwelekeza kwa Kibemba na kwa mikono kwamba wenzake siku hizi hawatumii upepo, wanajaza maji.

Hapo ndipo msiba ulipoanzia, maana Enoka hajui Kibemba. Ferista aliyekuwa ameuza vitumbua Nakonde miaka kumi na mitano ndiye aliyekijua, lakini huyo hakuulizwa.

Enoka alikiri yote akiwa amekaa kitandani, taulo kiunoni, macho kwenye sakafu.

"Alisema mwenyewe yule mama. *Mfwa, menshi.* Maji ya mfu."

Ferista alimtazama.

"*Umfwa* ni sikiliza," akasema. "Amekwambia sikiliza, ni maji. Maji ya bomba, Baba Luka. Ya bombani."

Tumboni mwa Enoka kitu kikalia... chubwi.

Maji ya mfu alikuwa ameyapata bila taabu. Wiki mbili nyuma alifariki Ramadhan, mwenye malori, nyumba ya tatu kutoka kwao, mzee wa ndevu ndefu za hina. Waislamu wakimwosha maiti huchimba shimo chini ya kitanda, maji yote, ya majani ya mkunazi na ya karafuu maiti, yaingie humo yafukiwe, yasikanyagwe na mtu wala mnyama. Enoka alikwenda kuzika kama jirani. Jeneza lilipobebwa watu wakafuatana nalo, yeye akajipenyeza nyuma ya turubai na chupa ya lita moja na nusu. Akaizamisha shimoni, ikanywa mpaka shingoni. Kisha akawahi makaburini, akatupa na yeye koleo lake la udongo.

Kwa wiki mbili mzee wa kanisa alikuwa akijivuta kwa maji yaliyopita makwapani mwa marehemu.

Ferista alitoka akatapika kwenye shina la mgomba. Hakuwa anamlilia mume. Jambo lililomkaba lilikuwa moja tu: maji yale yasiwe yamemwingia yeye. Maana Alhamisi iliyopita Enoka alimgeukia kitandani, na yeye akamkubalia, mara moja, kwa huruma zaidi kuliko kingine. Alikumbuka alivyoshtuka kwa ule ubaridi. Ubaridi wa nyama ya buchani asubuhi. Alipouliza, Enoka alisema ni hali ya hewa.

Akaoga kwa sabuni ya mche na maji ya moto mpaka ngozi ikawaka. Usiku huo alilala jikoni.

Kesho yake Enoka hakuinuka kitandani. Ile sehemu aliyoihangaikia ilikuwa imekua kweli, amepata alichokitaka na zaidi: nyeupe, laini, imekunjamana kama muhogo uliosahaulika kwenye maji siku tano. Ukiigusa kidole kinaacha shimo, na shimo halirudi. Uvimbe ukapanda tumboni, ukashuka mapajani. Akigeuka, maji yanageuka naye. Unayasikia yakihama kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, kama dumu kwenye baiskeli.

Na harufu... Ferista alifungua madirisha yote. Nzi hawakuingia. Hata nzi.

Jua lilipokuwa linazama, msikiti wa stendi ukaadhini. Enoka alikuwa amelala chali, macho wazi, midomo mikavu. Adhana ilipokwisha midomo ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa na kikohozi cha sigara, na lafudhi ya Kigoma.

Ferista aliijua, ilikuwa ya Ramadhan. Alikuwa amempelekea vitumbua vya futari miaka mingapi.

"Mmeniacha upande wa kushoto," sauti ikasema, kwa upole kabisa. "Bado upande wa kushoto."

Halafu Enoka akainua mkono wake wa kushoto, akaushikilia juu, akingoja mtu aje aumwagie maji.

Hakuushusha mpaka kulipokucha.

Mwosha maiti wa msikiti ule alikuwa Mzee Twaibu, mtu mdogo, mkavu, asiyependa maneno. Ferista alimfuata alfajiri akamweleza habari yote, uso umefunikwa kwa khanga. Alieleza habari ya bomba, ya Kibemba, ya shimo. Alhamisi hakuitaja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema twende.

Kabla ya kuingia ndani alisimama mlangoni akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile ya kumwosha Ramadhan, alipofika upande wa kushoto, maji yalikuwa hayashiki mwilini. Yanateleza tu, kama juu ya jani la mgomba. Alidhani ni mafuta. Aliosha na kuosha, kisha watu wakaanza kuita nje kwamba jua linakuchwa.

"Nikaacha hivyohivyo," alisema. "Kwa nini yalikataa, mama, sijui. Sikudanganyi."

Akamkalisha Enoka kwenye kigoda, akamwegemeza kwenye goti lake, akaweka kiganja juu ya tumbo na kulikamua kuelekea chini, polepole, kama anavyokamuliwa maiti kabla ya kuoshwa. Ferista alishika ile chupa chini. Wewe unayesoma ukiwa unakula, weka sahani kando. Maji yalitoka kwa njia yaliyoingilia, mazito, ya vuguvugu, na vipande vya majani, na nywele nyekundu zaidi ya moja. Zilikuwa nyingi. Zilikuja zimefungamana kama uzi uliotolewa kwenye sinki. Enoka hakupiga kelele. Alikuwa akitabasamu kwa tabasamu la mtu mwingine.

Walipomaliza alikuwa amesinyaa kama gunia tupu, ngozi inaning'inia, na anamwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe. Naam, alipona. Wanaume wa namna ile hupona.

Nuria, mjane wa Ramadhan, aliwafungulia mlango wa uani bila kuuliza. Eda ilikuwa haijaisha, akarudi ndani. Mzee Twaibu akafukua palepale penye lile shimo la kuoshea, akainua chupa kwenye mwanga.

Haikufika shingoni. Ilipungua kama kikombe kimoja.

Akaitikisa. Akaitazama tena.

"Hujayamwaga mahali?"

"Hapana, baba."

"Yanatakiwa yote, mama. Yakibaki kidogo, na marehemu anabaki." Aliangalia pembeni, maana naye aliona haya. Akashusha sauti. "Tangu mumeo aanze mambo haya... mmekutana?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini mbele yake alisimama mzee mgeni, wa dini nyingine, mwenye mikono iliyotoka tu kumkamua mumewe, na nyuma ya pazia Nuria alikuwa ametulia mno. Kumwambia mwanaume huyo mambo ya Alhamisi? Na halafu? Amlaze na yeye kwenye goti?

"Hapana," Ferista alisema. "Siku nyingi hatukutani."

Mzee Twaibu alimtazama kidogo, kisha akamimina. Udongo ulichelewa kuyanywa. Yalikaa juu, yametulia, yanaonyesha mawingu. Halafu yakazama yote kwa pamoja, kwa sauti kama ya mtu anayemeza.

Hiyo ilikuwa Mei. Enoka alirudi kwenye mahindi yake, na bomba alilichoma jalalani. Jambo lile hawakulizungumza tena.

Agosti, wanawake wa soko la Nakonde walianza kuangaliana Ferista anapopita na beseni la vitumbua. Wa kwanza kushindwa kuvumilia alikuwa Anastazia, muuza dagaa. Alimshika tumbo lililochomoza kwa kiganja kizima bila kuomba ruhusa, akaangua kicheko, akauliza Baba Luka anakunywa dawa gani, naye ampelekee wa kwake.

"Hongera, mama. Na mvi zote hizo."

Wengine wakadakia hongera, hongera, mpaka upande wa pili wa barabara.

Ferista akawashukuru. Ulitaka awaambie nini?